Milango 14 na laki sita: shemeji anatafuta mashine ya kupuliza rangi

Shemeji alinipigia simu Jumapili usiku kwa sauti ya mtu aliyeshaamua, anatafuta wa kumwitikia tu. Kuna jamaa anauza kompresa ya lita 100 kwa laki saba na nusu, mtumba lakini safi. "Shem, nikiichukua hiyo si nimemaliza?" Nikamwuliza ana kiasi gani mkononi. Laki sita. Nikamwuliza anataka kupuliza nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Si rangi?"

Hapo hapo nikajua Jumamosi yangu imekwenda.

Mimi kupiga rangi fanicha nilijifunzia Keko, mtaa wa mafundi fanicha hapa Dar, enzi ambazo bunduki ya kupulizia rangi ilikuwa ya bosi na kijana akiidondosha anakatwa posho. Swali la "ninunue mashine gani" nimeulizwa sana, na karibu kila anayeuliza anakuwa ameshaangalia mashine kabla ya kuangalia kopo la rangi, banda lake, nyaya zake na majirani zake. Nimeandika kisa hiki kirefu kidogo kwa sababu shemeji alikubali tupime kila kitu kwa saa ya simu badala ya kubishana.

Nilichokikuta Kinyerezi

Shemeji ni mtu wa ofisini. Useremala ni wa Jumamosi na Jumapili, nyuma ya nyumba, kwenye banda la mabati la mita 3 kwa 4. Ana msumeno wa meza, randa ya umeme na mashine ya msasa, na maungio yake yanakaza kuliko ya mafundi wengi wanaoishi kwa kazi hiyo. Miaka yote amekuwa akimalizia kwa brashi. Safari hii mfanyakazi mwenzake amempa kazi ya kabati za jikoni, milango 14 ya MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa), nyeupe, laini kama ya dukani. Baada ya hapo kuna kitanda cha mninga. Mwenye kabati ameshasema alama za brashi hataki kuziona.

Kumbe majaribio yalikuwa yameshaanza. Rafiki yake alimwazima kompresa ya lita 24, mota ya farasi 2, ile ndogo ya magurudumu mawili unayoiona kila mahali. Bunduki ameinunua Gerezani kwa 45,000, ya kikombe cha juu, nozeli (tundu la kutolea rangi) ya milimita 1.4, imechorwa HVLP, yaani upepo mwingi kwa presha ndogo, kwa herufi kubwa ubavuni. Milango mitatu ilikuwa imeegemezwa ukutani kwa mpangilio aliyoipuliza, na mpangilio wenyewe ulikuwa unaongea.

Wa kwanza ungeweza kuupeleka duka la Masaki. Wa pili ulikuwa mzuri theluthi mbili za juu, lakini kuelekea chini ukapoteza mng'ao, na ukipitisha kiganja unahisi chengachenga kama sukari. Wa tatu una kiganja kimoja tu cha uzuri kule juu, kwingine kote ni ganda la chungwa.

"Unaona?" akasema. "Kompresa imechoka. Ndiyo maana nataka kubwa."

Dada yangu alikuwa anapita na ndoo. "Na kelele je? Jirani ameshakuja mara mbili kwa hii ndogo."

Saa ya simu na geji ya tangi

Tangi la lita 24 likishuka bar moja (bar ni kipimo cha presha), limetoa lita 24 za upepo wa kawaida, huu tunaouvuta. Likishuka kutoka bar 8 hadi 5, zimetoka lita 72. Ukijua hilo tu, unaweza kuipima kompresa yoyote na bunduki yoyote bila kumwamini muuzaji.

Tukaanza na kompresa. Tukashusha geji hadi 5, tukawasha, tukasubiri ifike 8 na kujizima. Sekunde 32. Lita 72 kwa sekunde 32 ni sawa na lita 135 kwa dakika. Kibandiko cha tangi kinasema 206. Hapo hakuna aliyedanganya sana. Namba ya kibandiko ni ile hewa ambayo pistoni inaimeza ikiwa haisukumi dhidi ya kitu chochote, nawe bunduki yako inakula kile kinachofika ndani ya tangi. Mimi huwa napunguza theluthi kabla hata sijapima.

Kisha bunduki. Tukajaza tangi hadi 8, tukachomoa waya ukutani ili kompresa isisaidie, regyuleta, yaani kidhibiti cha presha inayofika kwenye bunduki, ikiwa bar 2, shemeji akabana triga hadi mwisho kikombe kikiwa kitupu. Geji ikafika 5 kwa sekunde 13. Nikamwachia apige hesabu mwenyewe kwenye simu: lita 332 kwa dakika.

Akaiangalia ile namba, akaangalia na kompresa. Bunduki inakula 332, kompresa inaleta 135.

Baada ya hapo ile milango mitatu ikajieleza yenyewe. Wa kwanza ulianza tangi likiwa limejaa. Kutoka bar 8 hadi 5 kompresa ilikuwa bado haijaamka, zikaenda sekunde 13. Ilipoamka ilikuwa inaleta kidogo kuliko kinachotoka, kwa hiyo tangi liliendelea kushuka, na lilihitaji sekunde nyingine 15 hivi kufika bar 3, ambapo ile regyuleta yake ya bei ya chini hushindwa kushikilia 2 kwenye mpini. Jumla ni sekunde 28. Mlango wa sentimita 60 kwa 40, uso pamoja na kingo, unamchukua sekunde 25. Ukatoka salama, kwa sekunde tatu tu. Alipoutoa na kuweka wa pili zilipita kama sekunde 20, kompresa ikapandisha tangi hadi bar 5 na kidogo, sio 8. Wa pili ukapata sekunde 16 au 17 za upepo wa maana. Wa tatu ukapata nusu ya hizo.

Upepo ukipungua, rangi haikatikikatiki vizuri. Badala ya ukungu yanatoka matone, yanatua, yanakauka kabla hayajajuana. Hilo ndilo ganda la chungwa. Shemeji alipoliona aliongeza thina, akadhani rangi ni nzito. Rangi ikawa maji, upepo bado mdogo, na kwenye kingo ikaanza kulia machozi.

Sasa turudi kwenye ile kompresa ya laki saba na nusu. Tangi ni simtank na pampu ndiyo bomba la mtaani. Ukinunua simtank kubwa wakati bomba linatoa uzi, umenunua muda wa kukaa na maji, hujanunua maji. Kama lingekuwa tangi la lita 50 kwa pampu hii hii, zile sekunde 28 zingekuwa karibu dakika moja, kisha ungerudi pale pale. Ile ya lita 100 ina mota ya farasi 3, na mashine za bei hiyo ninazozijua huleta lita 200 na kitu, 250 ukibahatika. Bado iko nyuma ya 332. Tena mota ya farasi 3 ni kilowati 2.2, na hapo pa kuwaka huvuta umeme mara kadhaa ya huo. Banda lile linapata umeme kutoka sebuleni kwa ekstensheni ya mita 30, waya mwembamba kama wa feni. Hata hii ndogo ikiwaka, taa ya jikoni inasinzia.

Kwa hiyo tatizo lilikuwa bunduki, na bunduki ndiyo kitu ambacho hakuwa amekifikiria kabisa.

Tulivyovipima na kuviacha

Pale Gerezani alionyeshwa pia mashine ya mkono, ile ambayo mota na bunduki ni kitu kimoja, unachomeka ukutani unapuliza. Waliiita laki na elfu thelathini. Siichukii. Kwa ukuta, geti na praima (rangi ya kwanza ya chini) ya maji kwenye mbao za nje inafanya kazi, na mtu asiye na kompresa anaanzia hapo bila aibu. Lakini matone yake ni makubwa, na zaidi ya hapo mota yake ya brashi, ile inayotoa cheche ndogo ndani, inazunguka katikati ya mvuke wa kile unachopuliza. Kwa rangi ya maji hakuna neno. Laka na thina hutoa mvuke unaowaka hata kwa joto la kawaida la chumba. Karatasi za mashine hizi nyingi zinakataza vimiminika vya aina hiyo, na karatasi hizo ndizo za kwanza kutupwa na boksi.

Mdogo wake aliyeko Houston alijitolea kumtumia tabaini. Hii haina tangi. Ni feni za hatua tatu au nne zilizofungwa moja nyuma ya nyingine, zinasukuma upepo mwingi kwa presha ndogo kupitia mpira mnene kama wa kifyonza vumbi. HVLP ya asili ndiyo hii: upepo mwingi, na presha kwenye kofia ya mbele haizidi psi 10, yaani bar 0.7. Rangi nyingi inatua kwenye ubao na chache inapotea hewani. Upepo wake ni mkavu, hakuna maji ya tangi. Ningekuwa na karakana ya rangi za maji ningeitaka sana. Kwa shemeji ilikuwa na mambo matatu. Ya Marekani ni ya volti 120, hapa kwetu ni 230, kwa hiyo kuna transfoma nzito ya kununua, tena yenye uwezo wa kilowati 2 ndipo uwe na amani. Upepo wake unatoka wa moto, na katika joto la Dar laka hukauka angani kabla ya kugusa ubao. La tatu ni mizigo. Ukijumlisha nauli na transfoma, laki sita inakuwa haijafika hata njiani. Tukamwandikia kijana asante, atume viatu vya watoto.

Mashine zisizotumia upepo, zile za presha kali sana za kupigia majengo, sikumwacha hata amalize sentensi. Kwa milango 14 ni kuua mbu kwa nyundo, na mchirizi wake ukigusa kidole unaingia ndani ya nyama.

Njia moja ilistahili kufikiriwa kwa uzito: asinunue chochote. Apakie milango kwenye Kirikuu, aipeleke Keko, alipe kwa mlango. Kwa kazi ya mara moja kwa mwaka ningemwambia afanye hivyo na nisingeandika haya. Lakini kazi za jikoni zilikuwa zimeanza kufuatana, na milango iliyopigwa rangi ikisafiri kutoka Keko hadi Kinyerezi inarudi na mikwaruzo inayokula faida. Kile kitanda cha mninga, kwa upande mwingine, nilimwambia wazi kwamba hakihitaji mashine. Mninga ukipigwa msasa hadi namba 240 na kupakwa kwa kitambaa, mkono mwembamba juu ya mkono mwembamba, unatoka na heshima zake. Hakukubali. Mtu akishaona bunduki hataki tena kusikia habari za kitambaa.

Bunduki yenye kula kidogo

Bunduki za kompresa si za ukoo mmoja. Ile ya kawaida ya zamani, kikombe chini, inataka presha kubwa na inatupa rangi nyingi hewani. HVLP ya kompresa inapunguza presha kwenye kofia, lakini inalipia kwa kula upepo mwingi sana, ndiyo ile 332. Katikati kuna LVLP, upepo mdogo na presha ndogo, na hii ilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye kompresa kama ya shemeji. Ninayo moja, nozeli 1.3. Jumapili nikaenda nayo.

Jaribio lile lile: tangi 8, waya umechomolewa, bar 2, triga hadi mwisho. Sekunde 38 kufika 5. Hiyo ni lita 114 kwa dakika, na kompresa inaleta 135.

Tukapuliza milango mitatu mfululizo bila kupumzika. Mlango wa tatu ulitoka sawa na wa kwanza. Shemeji aliuinamia kwenye mwanga wa pembeni kwa muda, kisha akauliza kwa nini muuzaji hakumwambia. Muuzaji hajui, na sikuwa namsema vibaya. Madukani kila bunduki siku hizi imechorwa HVLP, hata ile isiyo. Cha kufanya ni kufungua boksi na kutafuta karatasi ndani, pale wanapoandika matumizi ya upepo, ama kwa lita kwa dakika au kwa futi za ujazo. Futi moja ya ujazo ni lita 28. Ukiona futi 4, hiyo ni yako. Ukiona 10 au 12, rudisha taratibu. Shemeji alizunguka maduka sita akaipata kwenye la sita, nozeli 1.4, kwa 95,000. Ya kwanza aliyopewa ilikuwa inavuja upepo kwenye triga, akabadilishiwa pale pale kwa sababu aliijaribu kabla ya kulipa.

Ina kasoro zake na nilimwambia. Mpulizo wake ni mwembamba, kama kiganja na nusu, kwa hiyo ubavu wa kabati la nguo utakusumbua: ukifika chini, juu kumeshakauka, na mstari wa pili hauungani na wa kwanza. Rangi nzito haipiti bila kuilegeza. Na ingawa 135 ni zaidi ya 114, pengo ni dogo. Ukibana triga dakika tano bila kuachia, kompresa hii isiyo ya mkanda itapata joto kupita kiasi na kujizima. Kwa milango unaachia triga kila baada ya sekunde chache, ndiyo maana inawezekana.

(Kifaa hiki chote kilianzia kooni. Daktari mmoja wa Toledo, Ohio, aitwaye Allen DeVilbiss, alitengeneza kipulizo cha dawa ya koo mwishoni mwa karne ya 19, na mwanawe Thomas akakigeuza kuwa cha rangi mwanzoni mwa iliyofuata. Kazi ni ile ile: upepo unapita mbele ya tundu, unanyonya kimiminika, unakipasua. Upepo ukikosa, hata dawa ya koo ingetoka matone.)

Jiko la mkaa

Jambo lililonishtua Kinyerezi halikuwa mashine. Banda lina dirisha upande wa nyumba, na hatua sita kutoka dirishani ndipo dada anapobandika jiko la mkaa jioni. Siku aliyopuliza ile milango mitatu, maharage yalikuwa jikoni.

Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Haupandi kama moshi, unatambaa sakafuni kama maji usiyoyaona, unatoka mlangoni, unaufuata mteremko. Ukikuta mkaa, moto unarudi njia ile ile kwa kasi kuliko mtu. Nilimwita dada nikamwonyesha mteremko wa ua. Yeye ndiye aliyeweka sheria, si shemeji: siku ya kupuliza jiko linahamia mbele ya nyumba, mtungi wa gesi unafungwa, na simu ya kuchaji haichomekwi bandani.

Shemeji alikuwa amepanga kununua feni ya dirishani ya kutoa vumbi la rangi. Nikaikataa kwa sababu ile ile ya mashine ya mkono: mota inayonyonya mvuke wa thina katikati yake. Tulifungua pande mbili zinazotazamana, upepo wa baharini wa mchana ukafanya kazi bure. Kompresa tukaitoa nje kabisa, nyuma ya ukuta, na hapo tukapata faida mbili. Swichi yake iko mbali na mvuke, na badala ya ile ekstensheni ya mita 30 tukatumia waya mfupi mnene na mpira wa upepo mrefu. Kurefusha mpira kunakugharimu presha kidogo. Kurefusha waya mwembamba kunakugharimu mota.

Barakoa ya kitambaa aliyokuwa anaivaa inazuia vumbi la msasa, basi. Mvuke unapita kama hakuna kitu. Inatakiwa ile ya mpira yenye vichujio viwili vya mkaa maalumu. Kwa vichujio vya Ulaya tafuta mstari wa kahawia wenye herufi A kwa ajili ya mvuke, na mweupe wenye P kwa chembechembe. Ukianza kusikia harufu ya thina ndani yake, kichujio kimekwisha.

Kuhusu rangi yenyewe nitapita haraka. Inayofaa zaidi jikoni ni ile ya makopo mawili, unachanganya na kigumishaji. Nilimkatalia. Kigumishaji chake kina isosayaneti, mwili ukishaanza kukikataa unapata pumu isiyoondoka, na barakoa ya vichujio haikupi uhakika. Wanaopaswa kuipuliza wanavaa kofia ya kuletewa hewa safi kwa mpira. Kwenye ua ambao watoto wanaendesha baiskeli hilo halina mjadala. Tukachagua nyeupe ya NC (laka ya nitroselulosi, ya kopo moja), inayokauka kwa dakika kadhaa kabla vumbi na wadudu hawajajua kuna kitu, na mwenye kabati akaambiwa mapema kwamba haipendi sufuria ya moto wala spiriti. Akakubali.

Hela ilivyokwenda

Rafiki aliyemwazima kompresa alikubali kuiuza kwa 200,000. Bunduki 95,000. Kichujio cha maji chenye regyuleta ya maana 35,000. Mpira wa mita 10 kwa 30,000. Barakoa na vichujio 65,000. Hapo ni 425,000, bei za wiki ile. Iliyobaki ilikwenda kwenye praima, rangi, thina na vipande vya MDF vya kujaribia, ambavyo nilimlazimisha anunue kwa sababu mkono hauji na boksi.

Mkono ulichukua Jumapili nzima. Kosa lake lilikuwa la wote: anapinda kifundo kama anafagia, kwa hiyo katikati bunduki iko karibu na pembeni iko mbali. Nikampa kijiti cha sentimita 18 akifunge kwenye bunduki kwa gundi ya karatasi, kisiguse ubao wala kisiachane nao. Triga inabanwa kabla ya kuingia kwenye mlango na inaachiwa baada ya kutoka. Kila mstari unalala juu ya nusu ya uliotangulia. Kingo za MDF zinakunywa kama mchanga, hizo tulizipa praima mara mbili na msasa katikati. Ile milango mitatu ya mwanzo ikapigwa msasa na kurudi foleni.

Milango yote 14 ilikwisha kwa wikiendi mbili. Mmoja ulirudiwa kwa sababu ya macho ya samaki, vile vishimo vya duara ambavyo rangi inakimbia. Mtoto alikuwa ameupangusa kwa kitambaa chenye dawa ya kung'arishia dashibodi.

Kitanda ndicho kilichotaka kututia aibu. Ilikuwa Aprili, mvua imenyesha usiku kucha, shemeji akaamka saa 1 asubuhi akapuliza laka kwenye ubao wa kichwani. Saa 1 na nusu akanitumia picha: mninga wote umefunikwa na ukungu mweupe, kama maziwa yamemwagika chini ya kioo. Thina inapokauka haraka inapoza ubao, unyevu wa hewa unatua juu yake na kunaswa ndani ya laka. Nikamwambia asiguse, asipige msasa, angoje jua. Saa 8 mchana, hewa imekauka, akapitisha mkono mmoja mwepesi wa thina ya kuchelewesha pamoja na laka kidogo. Weupe ukayeyuka mbele ya macho yake, na ile michirizi ya mninga ikarudi. Kabla ya hapo nilimwambia afungue koki iliyo chini ya tangi. Yalitoka maji ya kahawia, kikombe kizima cha chai. Sasa anaifungua kila jioni.

Jirani naye wamemalizana. Anapuliza kati ya saa 8 na saa 11, mtoto wa jirani akiwa ameshaamka usingizi wa mchana, na jirani amepata meza ndogo nyeupe bure.

Wiki iliyopita shemeji kaniuliza tena kuhusu kabati la nguo la milango mirefu. Nikamwambia zile pande kubwa azipeleke Keko, milango abaki nayo. Akaguna. Kisha akaniambia amemwona yule jamaa wa kompresa ya lita 100. Ameshaiuza, iko kituo cha daladala, inajaza upepo matairi.